Usiangalie Mlango, Angalia Springi

Nimeishi ng'ambo miaka ishirini na mitatu. Nimepakua meli kwenye mvua ya barafu, nimesomea diploma ya usimamizi wa mizigo katika umri ambao wenzangu walikuwa wanasomesha watoto, na niliporudi Nakuru nilijenga nyumba ya mawe kule Kiamunyi bila kumwomba mtu hata msumari mmoja. Kwa hivyo niambie, rafiki yangu, inakuwaje mtu kama huyo asumbuliwe miezi miwili mizima na mabehewa kumi na mawili ya kuchezea, kila moja likiwa dogo kiasi cha kuenea kwenye kiganja?

Chanzo ni sanduku. Nililinunua huko huko ng'ambo, kwenye soko la vitu vilivyotumika, nikalificha chini ya kitanda miaka tisa. Ndani yake kulikuwa na treni ya mizigo: injini, reli nyembamba za kuunganisha, na mabehewa. Nilijiahidi kwamba siku nitakayokuwa na meza yangu katika nyumba yangu, nitaunda treni ya mizigo ya Nakuru kama tulivyoiona utotoni. Siku ikafika. Nikalifungua sanduku sebuleni, nikatoa behewa moja baada ya jingine, nikataka kulia kwa hasira. Magogo yaliyofunikwa theluji ya plastiki. Tangi la maziwa lenye picha ya ng'ombe anayecheka. Bia. Makaa ya mawe. Hakuna hata moja lililowahi kupita Nakuru. Miaka tisa nimelala juu ya treni ya watu wengine!

Basi nikaamua kuyapaka rangi upya na kuyatengenezea mizigo kwa mkono. Kazi hiyo ningeimaliza kwa wiki moja, kimya kimya, kama si dada yangu. Dada yangu hajatunza siri tangu azaliwe. Alienda kuwatangazia wenzetu, wale tuliokua nao katika nyumba za reli, ambao hukutana kila mwaka katika ukumbi wa kanisa kula, kuimba na kuwakumbuka waliotangulia. Wakakubaliana, bila kuniuliza, kwamba mwaka huu treni yangu itazungushwa hapo mbele ya watu wote. Na kuanzia siku hiyo kila mtu Nakuru akawa bwana stesheni.

Sisi tulizaliwa landi. Ndivyo tulivyoziita nyumba za wafanyakazi wa reli: mistari ya vyumba vyenye kuta nene na paa za mabati, mfereji mmoja wa maji kwa kila mstari, na ukitoka mlangoni unaiona yadi yote ya mabehewa mpaka kwenye ghala kubwa la nafaka. Usingizi wetu ulibembelezwa na mabehewa yakigongana, kacha, kacha, kacha, mlio ukikimbia kutoka injini hadi mkiani. Mama alijua saa ya kuweka maji ya ugali kwa kusikiliza mlio huo. Harufu zilikuja kwa zamu. Upepo ukitoka upande wa kinu tulinusa ngano inayosagwa. Ukigeuka, tulinusa pareto kavu na landi nzima ikapiga chafya. Mwezi wa Januari vumbi jeupe la ziwani lilituingia mpaka kwenye meno. Julai baridi iliposhuka kutoka Menengai, tuliota moto wa vipande vya mbao vilivyodondoka kwenye mabehewa ya Elburgon, na hakuna aliyeita hiyo wizi.

Kazi ya baba ilikuwa kuandika namba. Treni ya mizigo ikiingia, yeye hutembea kando yake kutoka injini mpaka behewa la gadi, msimamizi wa safari, kule mwisho, kitabu mkononi, penseli sikioni, akiandika namba ya kila behewa, limebeba nini na linakwenda wapi. Bila kitabu hicho hakuna aliyejua ni behewa gani likatwe, ni lipi liachwe. Watu wote walimwita Namba. Sijui kama jina lingine lolote limewahi kumkaa mtu vizuri namna hiyo. Mimi nilikuwa mtoto wa Namba, na nilitembea landi nzima kifua mbele.

Jioni, sahani zikiwa magotini, alitusomea treni ya siku hiyo kama wengine wanavyosoma gazeti. "Injini," alianza, nasi tunanyamaza. "Ngano ya Njoro, mawili. Mbao za Elburgon. Ng'ombe. Tangi. Unga mweupe wa Kariandusi. Trekta moja jipya, jekundu. Tupu. Mkonge. Mbolea. Gadi." Mimi na dada tulishindana kubahatisha behewa linalofuata, na aliyepatia alipewa ukoko wa ugali. Treni yenye mzigo wa aina moja kutoka mwanzo hadi mwisho baba aliidharau. "Hiyo si treni," alisema, "hiyo ni ua wa shamba." Treni nzuri kwake ilikuwa mchanganyiko, kama sahani ya harusi. Na ilipaswa kuwa na angalau behewa moja tupu. "Treni isiyo na tupu imeandikwa na mtu aliyekaa ofisini."

Sasa uelewe kwa nini nilitaka mabehewa yangu yawe sawasawa. Na uelewe pia kwa nini niliwachukia watu wote wiki zile.

Nilisafiri mpaka Kariandusi kutafuta ule unga mweupe wa kweli, udongo laini kama chaki unaochimbwa huko, nikajaza mfuko mmoja mdogo. Niliporudi nikasimama Kikopey kula nyama. Nikaweka mfuko mezani, na mkata nyama akanitazama kwa wasiwasi mpaka nikalazimika kumweleza habari ya treni. Akaacha kisu hewani. "Na mbuzi je, boss? Treni haina mbuzi?" Nikamwambia kuna behewa la ng'ombe. "Ng'ombe ni sawa," akasema, "lakini bila mbuzi hiyo treni yako ni ya watu wa Nairobi." Nikalipa, nikaondoka bila kumaliza mbavu zangu.

Dada akashona magunia madogo ya unga huo kutoka kwenye leso kuukuu, kazi nzuri sana, sikatai, lakini kila gunia lilikuja na neno. Alipoona ng'ombe wa plastiki niliowanunua supamaketi, weupe wenye mabaka meusi, alicheka mpaka akakaa chini.

"Wewe na diploma yako! Ng'ombe wa gredi, wa maziwa, alipanda treni kwenda kuchinjwa lini?"

"Nitawapaka rangi."

"Na nundu utawapaka pia?"

Nikawawekea nundu za nta. Mkonge nikautengeneza kwa nyuzi za kamba, mbao kwa vijiti vya mvinje, tangi kwa kopo la manukato nililolipaka rangi ya fedha. Mjane wa gadi mmoja wa enzi zetu akatuma ujumbe kwamba behewa la gadi lazima liwe na bomba la moshi, kwa sababu marehemu alipikia githeri ya mahindi na maharagwe humo kutoka Nakuru mpaka Eldoret na hakuwahi kuunguza. Nikaweka bomba. Akatuma tena: bomba liko upande usiofaa. Nikalihamisha.

Halafu akaja mzee shanta. Huyu ndiye aliyekuwa akikata na kuunganisha mabehewa yadini, miaka yote ya utoto wetu, na kati ya wanaume wa reli wa rika la baba amebaki yeye tu. Ana miaka themanini na kitu, mkono wa kushoto una vidole vitatu, na anatembea taratibu kama mtu anayeruka mataruma ya reli. Alisimama mbele ya meza yangu, akavaa miwani.

"Hii inapanda au inashuka?"

"Vipi, mzee?"

"Ngano ya Njoro inashuka kuelekea pwani. Mbolea inapanda. Wewe umezifunga pamoja. Hii treni inaenda wapi, kijana?"

Nina miaka hamsini na saba na ananiita kijana. Nikamweleza kwamba ni treni ya kumbukumbu, haiendi popote, inazunguka meza. Akaguna. Kisha akanyoosha vile vidole vitatu, akanyakua tangi lililokuwa nyuma tu ya injini na kulipeleka katikati ya treni. "Petroli haikai karibu na injini. Utatuchoma."

Meza yangu inabeba mabehewa kumi na mawili tu. Nilipima, nikapima tena. Kumi na moja nilikuwa nimeyachagua, la gadi na moja tupu yakiwemo. Nafasi moja ilibaki, na nafasi hiyo ndiyo iliyoninyima amani. Maana siku ya kikao cha matayarisho nyumbani kwa dada, chai ikiwa imemiminwa, mtu mmoja pale nyuma akauliza kwa sauti ya utani:

"Na waru je? Treni ya landi bila waru ya babako?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Hata dada alicheka, akifuta macho kwa leso. Mzee shanta peke yake ndiye aliyeendelea kukoroga chai yake, ingawa sukari ilikuwa imeyeyuka zamani.

Waru ni viazi, unajua. Na Waru ndilo jina alilokufa nalo baba. Hapa sasa nitakuambia jambo ambalo mpaka siku hiyo sikuwa nimemwambia mtu, wala dada, wala mke wangu.

Nilikuwa na miaka kumi, likizo ya Aprili, mvua za kupanda zimeanza. Baba aliteleza kwenye taruma lenye grisi, goti likavimba kama boga. Hakutaka kukaa nyumbani. Akanichukua yadini, jambo lililokatazwa kabisa, ili mimi nitangulie mbele nikiita na yeye aje nyuma polepole akiandika. Kabla ya kuanza alinifundisha. Kila behewa lina kadi ubavuni, ndani ya fremu ya waya, inayosema limebeba nini. Lakini mvua hung'oa kadi. Behewa lililofungwa lisilo na kadi, alisema, usiangalie mlango, mlango hudanganya. Angalia springi juu ya magurudumu. Zikiwa zimenyooka kwa kubanwa, kuna mzigo. Zikiwa zimepinda kama upinde, ni tupu. Kisha gonga ubavu kwa fimbo: tupu hulia kama ngoma, lenye mzigo hutoa mlio mfupi, du, ukaishia hapo. Akanipa fimbo yake.

Siku tatu nilifanya kazi hiyo vizuri kuliko karani yeyote. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa. Siku ya nne watoto wa landi walijipanga kwenye ua wa nyaya kunitazama. Na mimi, nilipoona nina watazamaji, nikaanza kuita kama mhubiri, bila kusimama, namba, mzigo, namba, mzigo, mbele kwa mbele. Nikafika kwenye behewa moja la kahawia, limefungwa, halina kadi.

"Tupu!" nikaita.

Baba, mabehewa manne nyuma yangu, akainua kichwa. "Umeangalia springi?"

"Ndiyo, baba."

Akaandika.

Mzee shanta, wakati huo kijana mwenye mabega, alilikata behewa hilo na kulisukuma kwenye njia ya mabehewa matupu nyuma ya ghala. Humo ndani mlikuwa na mbegu za viazi kutoka Molo, za wakulima wa Subukia waliochanga pamoja. Mmoja wao alikuwa nyanya yangu, mama yake mama. Shamba lake lilikuwa limelimwa, mitaro imechorwa kwa kamba, samadi imetiwa. Walikuja na lori la kukodi mara tatu, wakaambiwa mara tatu kwamba mzigo wao haujafika. Wiki ya tatu harufu ikaanza. Walipovunja mlango, machipukizi meupe marefu yalikuwa yameusukuma kutoka ndani, na maji meusi yalidondoka mpaka kwenye reli.

Baba aliitwa ofisini. Aliulizwa nani aliandika. Akasema, "Niliandika mimi." Ilikuwa kweli. Hakuulizwa nani aliita, na yeye hakusema. Wakamnyang'anya kitabu, wakampa bendera mbili na kibanda kwenye kivuko cha barabara ya kwenda Njoro, afungue geti na kulifunga. Alifanya kazi hiyo mpaka alipostaafu. Jina la Namba likaisha mwezi ule ule. Madereva waliokuwa wakisubiri treni ipite walimpigia kelele dirishani: "Waru! Fungua, Waru!" Naye akafungua. Shuleni mwalimu wa hesabu, akinipa swali la magunia ya viazi, hakuweza kujizuia kutabasamu.

Nyumbani hapakuwa na treni ya kusomwa tena. Wakati mwingine dada, ambaye alikuwa mdogo bado, aliuliza, "Baba, leo imebeba nini?" naye akajibu, "Sijui, mama, nimeona magurudumu tu."

Likizo ya Agosti tulienda Subukia kama kawaida. Kila mwaka nyanya alitupondea viazi na mahindi mabichi na majani ya malenge, mlima wa kijani kibichi katikati ya sahani, na shimo la mchuzi kileleni. Mwaka huo shamba la viazi lilikuwa na mahindi yaliyopandwa kwa kuchelewa, mafupi, ya manjano. Tulikula maharagwe asubuhi, maharagwe mchana, maharagwe jioni. Nyanya hakumlaumu baba hata siku moja. "Mwaka huu viazi vyetu vimesafiri," alisema, akipakua. Na mimi, rafiki yangu, mimi niliyekaa karibu kabisa na jiko lake, ndiye niliyelalamika kuliko wote kwamba nimechoka na maharagwe.

Kila nilichofanya baada ya hapo, nimekifanya nikiwa na behewa lile nyuma yangu. Watu hudhani nilisomea mizigo kwa sababu ya pesa. Nikiwa ng'ambo nilimpigia baba simu mara nyingi nikiwa nimekata shauri kusema. Mara moja nilikaribia sana. Aliniuliza, bandarini kwenu mnajuaje kama kontena ni tupu?

"Linapimwa kwa mashine, baba. Kompyuta inaandika yenyewe."

"Na springi?"

"Hakuna springi."

Nikasikia redio yake nyuma. "Basi," akasema, "mko salama."

Nikamuuliza kama mvua imenyesha. Mwaka uliofuata tulimzika.

Kwa hivyo nafasi ile ya kumi na mbili. Niliweka trekta, nikalitoa. Niliweka pareto kavu halisi aliyoniletea dada, nikapiga chafya, nikaitoa. Mwishowe nilichukua behewa lililofungwa, nikalipaka rangi ya kahawia, nikaliacha bila kadi. Kwenye kikapu cha jikoni nikatafuta kiazi kidogo kuliko vyote, kama ncha ya kidole gumba, chenye jicho moja linalochipuka. Nikakitia ndani, nikafunga mlango, nikalifunga behewa mbele ya lile la gadi. Nilipanga kwamba Jumapili, treni ikishasimama, nitaufungua mlango mbele ya watu na kusema yote. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo. Mke wangu alidhani nataka kugombea kiti.

Jumapili ukumbi ulijaa. Nilivaa suti. Nilianza kwa kueleza, kwa kifupi, masomo yangu na kazi zangu za ng'ambo, mpaka dada akakohoa. Nikabonyeza swichi. Injini ikavuta, na treni ya Nakuru ikapita mbele yao: ngano, mbao, ng'ombe wenye nundu, kopo la manukato liking'aa katikati, magunia meupe ya Kariandusi. Nasema bila aibu kwamba watu wazima walilia. Mjane wa gadi aliinuka na kulisindikiza behewa lake kuzunguka meza yote, akiongea nalo. Kisha, bila shaka, malalamiko yakaanza. Magurudumu madogo. Rangi ya injini si ile. Saruji iko wapi? Na sauti ile ya nyuma tena:

"Boss, waru iko wapi?"

Kicheko. Nikasimamisha treni.

"Si hiyo kahawia?" mwingine akasema. "Hiyo imebeba nini?"

Sasa ndiyo ilikuwa saa yangu. Watu wote wananitazama, kama watoto kwenye ua wa nyaya. Nikafungua kinywa, na neno lililotoka, naapa sikulichagua, likawa:

"Tupu."

Kiti kilikwaruza sakafu. Mzee shanta alikuwa amesimama. Akaja taratibu mpaka mezani, akainama mpaka jicho lake likawa sawa na magurudumu, kwa namna ambayo baba aliinama, mikono mgongoni. Kisha akanyoosha kidole na kuligonga behewa ubavuni kwa ukucha. Akaligonga na lile tupu la kweli, likalia. Akarudi kwenye lile la kahawia, akagonga tena. Du.

"Hii si tupu," akasema. "Nani ameita hii?"

Wengine wakatabasamu, wakidhani ni mchezo.

"Ni mimi, mzee."

"Na ile ingine?"

"Ile pia ni mimi. Baba aliniuliza kama nimeangalia springi. Nikasema ndiyo. Sikuwa nimeangalia."

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akachukua muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji.

"Nilisikia," akasema. "Nilikuwa pale pale. Ilikuwa sauti ya mtoto. Na nilipofunga injini kuisukuma, nikajua. Behewa tupu, injini haisikii kitu. Hiyo ilirudisha injini nyuma, nikasikia kwa miguu. Dereva akaniangalia, na mimi nikamwangalia. Mvua ilikuwa inanyesha na saa yetu ya kutoka imefika. Nikaipeleka kwa matupu." Akavaa miwani. "Wakati wameita Namba ofisini, tulipita yeye na mimi kwa mlango. Alikuwa anajua najua. Hakuniuliza. Miaka yote hiyo hakuniuliza, na kila nikipita kwa geti yake ananipungia bendera."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, lakini si kwa hili. Hasira iliyonipanda siwezi kukueleza. Nilitaka kumshika koti. Miaka arobaini na saba! Wawili tunajua, wawili tunanyamaza, na mzee wa watu anafungua geti akiitwa kiazi! Lakini ningemshikia nini? Nilikuwa na mdomo mimi pia.

Aliyetuokoa ni dada. Alisimama mikono kiunoni, machozi yanateremka, na akapaza sauti ambayo nadhani ilisikika mpaka stesheni:

"Kwa hivyo mimi nilikula maharagwe Agosti nzima kwa sababu yako? Na ukamaliza yako ukataka na yangu?"

Ukumbi ukalipuka. Walicheka mpaka wengine wakashikilia viti. Mjane wa gadi alipopata pumzi, akauliza, "Basi Namba hakuwa na makosa?"

"Kosa lake ni kuamini mtoto wake," mzee shanta akasema. Kisha akanigeukia. "Fungua."

Nikaufungua mlango mdogo wa behewa. Wakakipitisha kile kiazi mkono kwa mkono, ukumbi mzima, kila mtu akikitazama kana kwamba hajawahi kuona kiazi Nakuru hii. Kilimfikia dada mwisho, akakitia kwenye mkoba wake. Sasa kimepandwa kwenye ndoo nyuma ya jiko lake na ananipigia simu kila siku kunieleza idadi ya majani.

Nilidhani mambo yameishia hapo, kila kitu mahali pake. Wapi! Wiki iliyofuata nilikuwa sokoni nachagua nyanya, nimevaa vizuri, nikasikia sauti kutoka ng'ambo ya barabara: "Waru! Niaje, Waru!" Nikageuka nikiwa tayari kugombana kwa ajili ya baba. Mtu yule alikuwa ananipungia mimi. Siku ya tatu, tena, kwenye benki. Hata mlinzi wa lango langu, ambaye hakuwahi kufika landi, nimemsikia akiwaambia wageni, "Mzee Waru yuko ndani." Diploma yangu imetundikwa sebuleni kwenye fremu ya dhahabu, imepigwa muhuri mara mbili, na mji mzima unaniita kiazi.

Baba je? Nimewasikiliza kwa makini. Wakimtaja siku hizi wanasema Namba.

Landi bado ipo, sehemu yake, lakini anayeishi humo hajui treni ikija kwa mlio, maana treni yenyewe hupita mara moja moja na kila inachobeba kimefungwa ndani ya kontena, yote sawa, kama ua wa shamba. Kibanda cha kivuko kimebaki msingi. Hakuna mtu anayetembea kandokando ya treni na fimbo. Jioni, kabla ya chakula, nabonyeza swichi na kuizungusha yangu mezani, na mke wangu ananiuliza kutoka jikoni, kwa kunichokoza tu, leo imebeba nini. Namsomea yote kumi na mawili. Nikifika kwenye la kahawia, ambalo sasa ni tupu kweli, nainama kwanza nikaligonga kwa ukucha. Springi zake ni za plastiki, hazisemi kitu. Lakini naangalia.

Na mtu akipita nje ya ua akapaza sauti, "Waru!", nanung'unika, nalaani, naweka miwani mezani, halafu naenda dirishani na kuitika.